Kutoka Bildi hadi Kioo: Kina cha Maji katika Pwani ya Mtwara na Maingilio ya Ruvuma

Neno pima katika lugha yetu ni kitendo na ni kitu. Ukilitumia kama kitenzi, unakusudia kukadiria urefu, uzito au kina. Ukilitumia kama jina, unataja urefu maalumu, ule wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono huu hadi ncha ya kidole cha mkono wa pili. Pima moja ni dhiraa nne, na dhiraa moja ni shibiri mbili. Anayevuta kamba ya bildi kutoka majini humwona kila mtu: kamba inapita kifuani, mikono inafunguka na kufumba, na hesabu inakwenda kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka risasi itokeze juu ya maji ikiwa na matope au mchanga ulionata chini yake. Mwili wa baharia ndio uliokuwa chombo cha kwanza cha kupimia bahari, na lugha haijausahau.

Nalianza na neno hili kwa kuwa siku hizi chombo kingine kimeingia katika boti za wavuvi wa Mtwara, Mikindani na Msangamkuu, kama kilivyoingia katika boti za Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Ni kioo kidogo kinachofungwa mbele ya nahodha. Upande mmoja wa kioo unaonyesha kina cha maji na samaki waliomo. Upande wa pili unaonyesha ramani na alama ndogo inayotembea juu yake, nayo ndiyo boti yenyewe. Wengine hukiita kitafuta-samaki, wengine hukiita GPS tu, ingawa ni vyombo viwili vilivyotiwa katika sanduku moja. Mwaka 2023 na 2024 Serikali ya Tanzania ilipokuwa ikigawa boti za kisasa kwa mkopo usio na riba, kwanza kwa wavuvi wa pwani na kisha kwa wale wa ziwani, vifaa vya namna hii vilihesabiwa miongoni mwa sifa za boti hizo. Basi suala la kukichagua si la matajiri wenye boti za anasa tena. Ni suala la mtu anayeishi kwa mshipi na nyavu. Lakini hawezi kukichagua vyema asiyejua historia ya mambo mawili yaliyomo ndani yake, yaani kujua kilicho chini yako na kujua ulipo. Katika pwani ya kusini mambo hayo mawili yamewahi kuamua safari, mipaka na hata vita.

Tuanze na nyota, maana bildi haimwambii mtu yuko wapi ila karibu na nchi. Majina ya pande katika dira yetu yangali yakibeba ushahidi wa zamani. Kaskazini ya mabaharia ni jaa, nayo ni nyota ya kaskazini. Kusini ni suheli, nayo ni nyota kubwa nyeupe ya upande wa kusini. Hata neno majira, ambalo wengi hudhani lina maana ya nyakati tu, kwa mabaharia ni njia ya chombo, na kushika majira ni kuelekeza omo pale panapotakiwa. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima urefu wa nyota kwa kipande cha ubao na uzi wenye mafundo, wakihesabu kwa vidole. Ila pana tatizo ambalo wasomaji wa kaskazini ya ikweta hawalijui: Mtwara iko nyuzi 10 kusini, na jaa haionekani kabisa. Ndiyo sababu Ahmad bin Majid, nahodha na mtunzi wa karne ya 15, mzaliwa wa Julfar katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, alipotunga utenzi wake wa njia ya Sofala, unaojulikana kwa jina la Sufaliyya, ilimbidi ategemee nyota nyingine zilizo mbali kidogo na ncha ya mbingu, ambazo bado huchomoza juu ya upeo hata kwa aliyeko Kilwa na kusini yake. (Kile kisa kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama hadi Bara Hindi, wataalamu wengi wa leo hawakikubali, nami naona ni vyema tukiache kipumzike.)

Da Gama mwenyewe alipita mbele ya pwani hii mwaka 1498, akitoka kisiwa cha Msumbiji, akitaka kuingia Kilwa. Hakuingia. Maji yalimsukuma akapita. Aliyewahi kuvua nje ya Msimbati hatashangaa, kwa sababu mkondo mkubwa wa kusini mwa ikweta, unaovuka bahari nzima kutoka mashariki, huja kuipiga Afrika karibu na Rasi Delgado, ukagawanyika: tawi moja likapanda kaskazini kuelekea Mafia, Unguja na Pemba, na tawi jingine likashuka Msumbiji. Mtwara iko karibu na njia panda hiyo. Chombo kinaweza kuwa kimeelekeza omo barabara na huku kinasogea ubavu bila mtu kuhisi. Baharia wa zamani alilijua hilo kwa kutazama alama mbili za nchi kavu, mnazi mrefu na kilele cha kilima nyuma yake. Zikiachana, chombo kimesogea. Elimu hiyo ya alama ni sahihi kuliko watu wanavyodhani. Alama mbili zilizopangana hutoa mstari, alama nyingine mbili hutoa mstari wa pili, na mistari inapokutana ndipo penye mwamba wenye samaki. Udhaifu wake ni kwamba haifanyi kazi usiku wala katika mvua, na mnazi hukatwa.

Wazungu walipokuja kuichora pwani kwa utaratibu walikuwa na bildi ile ile, ila waliongeza saa. Kapteni William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alizunguka pwani ya mashariki ya Afrika kutoka mwaka 1822 hadi 1826 kwa meli za Leven na Barracouta. Homa iliwaua mabaharia wake wengi mno. Kila tarakimu ndogo iliyoandikwa katika ramani zile ilikuwa imevutwa juu kwa mkono wa mtu, na haikuwa mara moja mtu huyo kuzikwa ufuoni wiki chache baadaye. Naomba jambo hili likumbukwe, kwani tutakapofika kwenye kioo tutaona kwamba ramani nyingi zinazong'aa ndani yake zilianza kwa kazi za namna hii, na kwamba rangi nzuri haziongezi usahihi.

Katika Ruvuma ramani ilishindwa mapema. David Livingstone aliingia mto huo mwezi Machi 1861 kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Pioneer, akitafuta njia ya maji ya kufikia Ziwa Nyasa isiyopita mikononi mwa Wareno. Pioneer ilihitaji takriban futi 5 za maji, nyingi kuliko ilivyokusudiwa na waliomjengea, na maji ya mto yalikuwa yakipungua kila siku. Alikwenda kiasi cha maili 30 akageuka kwa hofu ya kukwama mwaka mzima. Alirudi Septemba 1862 kwa mashua, akapanda zaidi ya maili 100 mpaka mawe yakamzuia. Kisha akaja mara ya tatu. Tarehe 22 Machi 1866 manowari Penguin ilitia nanga kiasi cha maili mbili nje ya mlango wa Ruvuma, katika maji ya pima 5. Safari hii alikuwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, nyumbu na punda, akitaka kuwateremsha. Alikwenda mwenyewe kuangalia vijito alivyovijua tangu zamani. Mlango ulikuwa umejaa mikoko na matope. Hapakuwa na mahali pa kupitisha wanyama. Siku mbili baadaye walihamia Mikindani, maili 25 hivi kaskazini, ambako ghuba ni ya kina na imefungwa vizuri, na hapo ndipo ilipoanza safari yake ya mwisho.

Watalii huonyeshwa Mikindani kama mahali ambapo Livingstone alianzia. Mimi naona kilicho muhimu ni sababu yake kuwa hapo. Alikwenda Mikindani kwa kuwa kumbukumbu yake ya miaka minne nyuma haikumfaa kitu mbele ya mto unaobeba mchanga kutoka nyanda za juu za Songea na kuumwaga baharini kila masika. Fungu la mchanga la mwaka huu halipo pale lilipokuwa mwaka jana. Watu wa kule hawasemi kwamba mlango wa Ruvuma uko mahali fulani. Husema uko pale ulipo sasa.

Haikupita miaka mingi, swali la mahali likageuka kuwa la mataifa. Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka. Baadaye Wajerumani wakadai kuwa karibu na bahari mpaka si mto bali ni mstari wa latitudo ya 10°40′ kusini. Mlango wa mto uko kwenye 10°28′ hivi. Tofauti ni kiasi cha dakika 12, na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Ndani ya kipande hicho mlikuwamo mji wa Kionga na watu wake. Mwaka 1894 Wajerumani wakakitwaa. Mwaka 1916 Wareno wakakirudisha kwa silaha. Na baada ya vita, mwaka 1919, mkataba wa Versailles ukawathibitishia. Vizazi viwili vya wavuvi vilibadilishiwa bendera kwa mstari ambao hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuuona juu ya maji.

Rufiji si Ruvuma, ingawa majina hayo huwachanganya hata wanafunzi wa vyuo. Hata hivyo lazima nitaje kisa kimoja cha Rufiji, kwa kuwa hakuna kinachoonyesha vizuri zaidi thamani ya kina. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, watu wa mjini wakitazama, kisha ikatoweka. Waingereza waliitafuta pwani nzima. Ramani zao zilionyesha kwamba meli ya ukubwa ule haiwezi kuingia katika delta ya Rufiji. Lakini kabla ya vita meli ya Kijerumani ya upimaji, Möwe, ilikuwa imepima matawi ya mto na kugundua kwamba lipo tawi lenye kina cha kutosha. Elimu hiyo ilikuwa katika karatasi za Wajerumani na haikuwa katika karatasi za Waingereza. Kwa tofauti hiyo peke yake Königsberg iliishi miezi mingi. Waingereza walipotaka kuifikia walimtuma mwindaji mmoja, P. J. Pretorius, apite kwa siri ndani ya mikoko akipima vijia vya maji ili meli zao mbili za chini bapa, Severn na Mersey, zipate kuingia. Julai 11, 1915 Königsberg iliangamizwa. Vyombo vipya vya wakati ule, ndege na redio, vilitumika vyote; lakini vilisubiri mtu mwenye kijiti cha kupimia.

Mwangwi ulikuja kuchukua nafasi ya kijiti na bildi katika miaka hiyo hiyo. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, Alexander Behm wa Ujerumani alijaribu kutambua milima ya barafu kwa sauti, akakuta kwamba kupima sakafu ya bahari ni rahisi zaidi. Reginald Fessenden alifanya majaribio yake mwaka 1914 katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini, na Paul Langevin huko Ufaransa akatumia kipande cha jiwe la kwatzi kutoa sauti isiyosikika na sikio. Kanuni yake haina fumbo. Sauti husafiri katika maji ya bahari kwa kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde. Itume chini, subiri irudi, gawa muda kwa mbili, na kina unacho. Kati ya mwaka 1925 na 1927 meli ya Kijerumani Meteor iliipima Atlantiki ya kusini kwa njia hii, na sakafu ya bahari, iliyodhaniwa kuwa tambarare, ikaonekana ina milima.

Aliyeileta sauti hiyo kwa mvuvi hakuwa profesa. Ndugu wawili wa ukoo wa Furuno, mafundi wa umeme wa Kuchinotsu katika mkoa wa Nagasaki, Japani, walichukua vipima-kina vilivyobaki baada ya vita, wakavigeuza viwe vya kutafutia samaki. Mwaka 1948 chombo chao kilianza kuuzwa. Wavuvi wazee walikicheka. Walikuwa na haki ya kucheka, maana mwanzoni kilionyesha vitu vingi ambavyo si samaki. Samaki huonekana kwa sababu wengi wao wana kibofu cha hewa tumboni, na hewa ndani ya maji hurudisha sauti kwa nguvu kuliko nyama. Kwa hiyo mapovu huonekana kama samaki, na samaki asiye na kibofu, kama jodari wa aina fulani na papa, huonekana kwa taabu. Mvuvi wa jarife ayaweke haya akilini.

Pwani yetu iliingia katika elimu hiyo kupitia meli ya utafiti ya Norwei, Dr. Fridtjof Nansen, iliyopita Tanzania mwaka 1982 na 1983 ikipima wingi wa samaki kwa mwangwi, na ikarudi tena mwaka 2018. Kusini mwa pwani hiyo chombo chochote cha mwangwi huonyesha jambo ambalo wavuvi walilijua kwa kamba zao kukosa chini: ukingo wa bara ni mwembamba sana. Mbele ya Mafia na katika mlango wa Zanzibar maji ya kina kidogo ni mapana. Mbele ya Msimbati mtu huvuka mwamba, huenda kidogo, na chini hapapo tena.

Nusu ya pili ya kioo, ile ya setilaiti, ina historia fupi zaidi. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya GPS mwaka 1978 kwa ajili ya majeshi yake. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kupotea njia na kutunguliwa na Wasovieti Septemba 1, 1983, iliahidiwa kwamba raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuitumia. Mfumo ulikamilika mwaka 1995. Hata hivyo raia walipewa habari iliyoharibiwa kwa makusudi, ikikosea kiasi cha mita 100, hadi usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Mei 2000 uharibifu huo ulipozimwa. Ni sadfa tu kwamba mwaka huo huo wa 2000 ndipo ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba 650, na mipaka yake juu ya maji. Mvuvi aliyekuwa akijua bahari kwa mnazi na kilima alitakiwa sasa kujua bahari kwa nyuzi na dakika.

Na si mipaka ya hifadhi tu. Mkataba wa Desemba 28, 1988 kati ya Tanzania na Msumbiji uligawa bahari. Mstari hautoki mlangoni mwa Ruvuma ukaenda mashariki moja kwa moja, kama mtu angedhani. Kwanza unapanda kuelekea kaskazini-mashariki, kisha ndipo unapokwenda mashariki kwa latitudo ya 10°05′ hivi. Mji wa Mtwara uko kwenye 10°16′. Maana yake ni kwamba nahodha anayetoka Mtwara akashika majira ya mashariki halisi bila kugeuka, mwisho wake atajikuta katika maji ya Msumbiji, huku akiamini kwa dhati kwamba yuko mbele ya nyumba yake. Tangu Oktoba 2017, ulipoanza uasi katika jimbo la Cabo Delgado, kosa hilo si la faini peke yake. Mtu anayeuza kifaa cha GPS kwa mvuvi wa Mtwara anauza jambo zito kuliko samaki.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Vifaa vingi vya namna hii vilibuniwa kwa ajili ya maziwa ya Marekani, ambako maji hayapandi wala hayashuki na ramani zimepimwa upya mara nyingi. Kwa Ziwa Victoria, ambalo kina chake hakizidi mita 80 na ushei, kifaa cha namna hiyo kinatosha, ila mwenyewe akumbuke kuweka mipangilio kwenye maji baridi, kwani mwendo wa sauti si mmoja na ule wa maji ya chumvi. Kwa Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, kifaa cha nguvu ndogo hakitaona chini kamwe, wala hakihitaji, kwa sababu dagaa na migebuka wako juu. Hapo jambo la kuchunga ni ule utando wa mpaka wa maji ya joto na maji baridi, ambao kioo huweza kuuchora kama sakafu.

Mtwara inataka vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo ugumu wake. Ndani ya ghuba na katika mifereji ya Ruvuma maji ni haba; nje ya mwamba ni kilindi. Sauti ya mtetemo wa juu, kilohezi 200, huchora vizuri maji haba kwa miale myembamba. Ile ya kilohezi 50 hufika mbali chini lakini miale yake ni mipana, na juu ya mteremko mkali hudanganya: ukuta wa mwamba ulio pembeni hurudisha sauti kabla ya sakafu iliyo chini yako, na kioo kinakuandikia kina kidogo kuliko kilichopo, na samaki waliojificha chini ya ukuta hawaonekani. Kwa hiyo anayevua mshipi kando ya mwamba asinunue kifaa cha mtetemo mmoja. Ajiulize pia kuhusu chombo chake. Mbao hunyonya sauti. Kile kipande kinachotoa mwangwi hakiwezi kugundishwa ndani ya mashua ya mbao kama wanavyofanya wenye boti za faiba. Sharti kitokeze majini, nyuma ya tezi, mbali na mapovu ya panga la mashine, na kiwe na namna ya kuinuliwa chombo kinapopandishwa ufuoni. Nimeona vifaa vingi ghali vikifa kwa sababu hiyo ndogo, vimesagwa mchangani. Betri ni volti 12, na mashine nyingi za boti ndogo hazichaji betri. Paneli ndogo ya jua inafaa zaidi kuliko inchi mbili za ziada za kioo.

Ramani ndiyo inayonitia shaka kubwa. Ramani za nchi kavu za Tanzania zilizochorwa katika karne iliyopita zilitumia kipimo cha dunia kiitwacho Arc 1960, na GPS hutumia kingine, WGS 84. Baina ya viwili hivyo, katika nchi yetu, mahali pale pale hutofautiana kwa takriban mita 300. Ramani nyingi za bahari ni za zamani zaidi, na hazikusawazishwa vyema. Ndiyo maana nahodha huweza kuona katika kioo boti yake ikitembea juu ya mchanga wa Msangamkuu ilhali yumo katikati ya mfereji. Hapo atacheka, kwa kuwa anaona kwa macho. Usiku, kosa hilo hilo linaweza kumweka juu ya mwamba huku kioo kikimwonyesha maji ya bluu. Kifaa chema kwa pwani hii, kwa maoni yangu, ni kile kinachomruhusu mwenyewe kuhifadhi njia aliyopita na kuirudia kinyumenyume. Njia uliyoipita mchana maji yakiwa yamejaa ni yako na ni ya kweli. Ramani ni ya mtu mwingine. Bamvua huku hubadilisha maji kwa zaidi ya mita 3, basi hata njia hiyo iandikiwe saa na mwezi ulikuwa wa ngapi.

Limebaki la mwisho, nalo halizungumzwi madukani. Zamani alama za mwamba zilikuwa kichwani mwa nahodha. Tajiri alikuwa na chombo na nyavu, nahodha alikuwa na mahali, na kwa sababu hiyo waligawana kwa heshima. Nahodha aliyekosana na tajiri aliondoka na bahari yake. Kifaa kinapofungwa katika boti, kila mwamba unaopatikana huhifadhiwa ndani yake kwa tarakimu, na kifaa ni mali ya mwenye boti, au ya kikundi, au ya benki iliyokopesha. Nahodha akifukuzwa leo, kesho kijana asiyeijua bahari anabonyeza kitufe na kufika pale pale ambapo mwenzake alipatafuta miaka 20. Wengine wataliita jambo hili usawa, na si uongo mtupu, kwani elimu ya alama ilifichwa mno na wazee wengi walikufa nayo. Lakini yako pia mahali pasipofaa kujulikana na kila mtu. Pwani ya Mtwara imeteseka kwa baruti kwa miongo mingi, na fungu la samaki linaloonekana kwenye kioo halimchagui anayelitazama.

Katika baadhi ya boti manahodha wameanza kunakili tarakimu hizo katika daftari za shule, kila mwamba na jina lake, kina chake kwa pima, na alama zake za nchi kavu kama zilivyokuwa. Daftari hukaa nyumbani. Kwa mlango wa Ruvuma hawaandiki kitu. Kila baada ya masika humtia kijana mbele na upondo, mashine ikizungushwa polepole, na yeye hutaja kina kwa sauti.